Kulabu ya Arobaini na Moja

Asubuhi ya sikukuu ya mtakatifu wetu, Ña Perpetua Ocampos, Ña ndiyo Bi ya kwetu, alikuwa na wanga wa muhogo mpaka kwenye viwiko, na hakuwa na hamu na mgeni yeyote. Mtu anayekanda chipa, ile mikate yetu ya wanga na jibini, hasumbuliwi. Hilo Potrero Yvate nzima inalijua, isipokuwa Mwalimu Zunilda, aliyetoka mji mkuu, Asunción, na amekaa nasi miaka minne tu, na huyo hupiga hodi akiwa ameshaingia.

"Ña Perpetua, samahani sana. Nina jambo moja tu."

"Moja lako huwa matatu, mwalimu. Kaa pale, na usiegemee meza."

Zunilda akaketi, akafungua mkoba, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti. Akakiweka kati ya mayai na jibini. Kilikuwa cha shaba ya manjano, kizito, ukubwa wa kiganja cha mwanamume: upande mmoja pete nene, juu yake skrubu yenye masikio mawili, na chini ndimi mbili zilizopinda kwa ndani. Watoto wa shule walikuwa wamekisugua kwa ndimu na majivu mpaka kikang'aa. Ubavuni kilikuwa kimegongwa namba 41, na chini ya namba hiyo, nukta moja.

"Kilikuwa kimeangukia nyuma ya ubao wa vifaa, kule stoo kwako," alisema Zunilda. "Seremala anasema ni cha kushikia mshumaa. Padri anasema ni cha taa. Nimemtumia picha mtu wa makumbusho ya mjini, naye ati huenda si cha reli kabisa, huenda kimetoka kiwanda cha sukari. Mimi kadi nimeshaandika, 'Kishikio cha mshumaa, behewa la mkurugenzi', lakini moyo haujatulia. Saa nne tunafungua makumbusho yetu ya reli. Nikasema, hebu aulizwe mwenye dirisha."

Mwenye dirisha ndiye yeye. Miaka thelathini na mmoja Perpetua alikaa nyuma ya dirisha la stoo ya vifaa katika karakana ya reli, tangu akiwa na miaka kumi na tisa, pale baba yake alipopoteza macho kwa cheche na wakubwa wakaona ni nafuu kumpa binti kazi kuliko kumtafuta mwanamume anayejua kila nyundo ilipo. Mafundi walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili hawakucheka tena. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kila fundi alikuwa na kipande chake, sahani ndogo ya shaba yenye namba yake na jina lake. Akitaka kifaa, anakabidhi kipande dirishani, kinatundikwa kwenye kulabu ya kifaa hicho. Akirudisha kifaa, anarudishiwa kipande. Na jioni, kama kuna kulabu yenye kipande, dirisha halifungwi. Perpetua aliwafuata watu mezani kwao. Aliwafuata kanisani. Mwaka mmoja alimtoa bwana harusi mbele ya altare kwa ajili ya patasi, na bi harusi, ambaye bado yuko hai, hajamsamehe mpaka leo.

Ndiyo maana siku hiyo ukutani pembeni mwa lile dirisha kulikuwa na kibao kipya, kimefunikwa kitambaa, kinasubiri saa nne. Kila mtu alijua kimeandikwa nini, maana mchonga vibao ana mdomo: *Hapa alifanya kazi Perpetua Ocampos. Hakupoteza hata parafujo moja.*

Ña Perpetua alikitazama kile kitu na hakukigusa. Hakuwa na haja ya kukigusa. Kulabu ya arobaini na moja, safu ya tatu kutoka juu, kivuli chake kilichorwa kwa rangi nyeusi ubaoni, tena vivuli viwili, kwa sababu vilikuwa viwili. Kimoja kina nukta moja, cha pili nukta mbili. Vinatoka pamoja kwa kipande kimoja, vinarudi pamoja. Mafundi walikiita kifungamdomo, kwa jina la kile kitu anachovishwa ndama asiendelee kunyonya. Kwani boila ya injini ina vali mbili za usalama mgongoni, na mvuke ukizidi vali hufunguka ukatoka. Lakini unapoijaza boila maji baridi na kuibana kwa pampu ili uone kama inavuja, hutaki vali zifunguke. Basi unazifunga midomo, zote mbili. Ukimaliza unazifungua. Hakuna kazi nyepesi kuliko hiyo, na hakuna ya hatari kama kuisahau.

Maana ile siku ya mwisho, miaka ishirini na mitatu iliyopita, watu walikuja kutoka mji mkuu saa tano asubuhi na mnyororo na kufuli. Karakana imefungwa, tokeni. Crispulo Duarte, fundi wa boila, alikuwa juu ya mgongo wa injini namba hamsini na nne, anamalizia jaribio la maji. Alishuka akaja dirishani na kifungamdomo kimoja mkononi, mwanamume mzima machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Nipe kipande changu, Perpetua. Wananitoa mikono mitupu. Angalau nitoke na jina langu."

"Na cha pili?"

"Kiko juu, vali ya nyuma. Nimekifunika na kofia ya vali kisinyeshewe. Nitakileta kesho."

Yeye akampa. Mara moja tu katika miaka thelathini na mmoja, akampa mtu kipande kabla kifaa hakijarudi. Kisha mtu wa mji mkuu akamsukumia karatasi iliyoandikwa *Vifaa vyote vimo*, naye akatia sahihi. Kesho haikuja. Lango lilifungwa, Crispulo akafa miaka sita baadaye, na injini ikabaki bandani, kuku wakitagia ndani ya tanuri lake. Mpaka mwaka jana, Eladio, mwana wa Crispulo, alipoanza kuifufua ili iwazungushe watoto siku ya sikukuu.

"Ña Perpetua?"

"Sijui, mwalimu," alisema. "Labda ni cha mshumaa kweli."

Haya, mimi simpambi. Alidanganya, na alijua anadanganya, na masikio yalimwaka moto. Alijiambia kwamba Eladio ni fundi mwana wa fundi, haiwezekani awe hajaifungua vali ya nyuma akaona. Alijiambia kwamba wiki iliyopita, injini ilipowashwa kwa majaribio, vali ilifunguka yenyewe, mji mzima ulisikia kishindo na mbwa wakaingia chini ya vitanda. Basi vali zinafanya kazi. Basi kifungamdomo cha pili kilishatolewa zamani na kutupwa. Basi kibao kifunuliwe, watu wale chipa, yaishe. Akarudi kukanda, akikanda kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na Zunilda akakifunga kitu chake gazetini taratibu, uso umemshuka.

Ndipo Nimia alipoingia. Nimia ni binti yake, ana miaka arobaini na miwili, na siku hizi anamwangalia mama yake kama mtu anayeangalia maziwa jikoni. Perpetua ameunguza sufuria mara mbili mwaka huu. Mwezi wa tano alikwenda kanisani Jumamosi na kulalamika kwamba padri amechelewa.

"Mama, umekosa sinema," Nimia alisema, akachukua kipande cha jibini. "Lile joka la Eladio limewatemea wacheza ngoma. Maji ya kutu, puu, sketi nyeupe zote sita. Mama zao nusura wampige."

"Limetema wapi?"

"Juu mgongoni, kile kidude cha mbele, kinavuja. Eladio akapanda na spana akakibana mpaka kikanyamaza. Anasema viko viwili, kimoja kinatosha."

Mikono ya Ña Perpetua ilisimama ndani ya unga.

"Na cha nyuma?"

"Cha nyuma kiko kimya. Hicho kistaarabu."

"Wiki iliyopita ni kipi kilichofunguka?"

"Mama, nitajuaje mimi? Cha mbele. Mvuke ulikuwa unatokea mbele, ulimlowesha mpiga ngoma. Kwa nini?"

Ña Perpetua alikinyakua kile kifurushi mikononi mwa Zunilda, wanga na vyote, akatoka mlangoni.

"Mama, viatu," Nimia alipaza sauti. "Mama, umevaa ndara."

Kutoka nyumbani kwake hadi stesheni, ilipo na karakana ya zamani, ni mitaa sita, na kwa magoti ya Ña Perpetua ni kama kumi na miwili. Siku nyingine husimama mara tatu kupumua. Siku hiyo hakusimama. Nimia alimfikia kwenye kona ya duka la dawa, akamshika mkono.

"Mama, unakwenda wapi? Watu wanatuangalia."

"Kile chuma bado kiko juu."

"Chuma gani?"

"Nilisaini kwamba kipo, Nimia. Nilisaini, na hakikuwepo."

Nimia alimtazama mwalimu, aliyekuja nyuma yao akihema, na mwalimu akamtazama Nimia, na katika mtazamo ule Ña Perpetua aliona sufuria zote mbili zilizoungua. Akajitoa mkononi mwa bintiye. Kando ya hofu ya kile chuma kulikuwa na nyingine mbaya zaidi: je, kama Nimia yuko sahihi? Kama hakuna kifungamdomo chochote kule juu, na kichwa chake kimeanza kushona mambo yasiyokuwepo?

Stesheni ilikuwa imejaa. Injini hamsini na nne ilisimama mbele ya jukwaa imepakwa rangi nyeusi ya viatu, kila shaba imesuguliwa, bendera mbili mbele, na nyuma yake mabehewa mawili yasiyo na paa, ndani yake watoto arobaini na watatu wa shule na bendi ya manispaa. Walikuwa waende hadi darajani na kurudi. Eladio alikuwa dirishani mwa injini, amevaa kofia ya baba yake. Shingoni, kwa mkufu, alining'iniza kipande cha baba yake. Hajakivua tangu mazishi.

Watu wa nje hawawezi kuelewa jambo hili, lakini sisi tuliolelewa na karakana tunalielewa. Mafundi wa Potrero Yvate waliwafundisha watoto wao kwamba geji, kile kipimo cha mvuke, ni kitu cha kuuzwa dukani, huzeeka, hukwama, huongopa. Vali haiongopi. Geji ikisema mvuke umezidi na vali imenyamaza, amini vali. Na ilikuwa kanuni nzuri. Ilikuwa nzuri miaka yote, kwa sababu nyuma ya dirisha alikaa mwanamke ambaye hakuruhusu kifungamdomo kilale nje. Perpetua alifika kando ya injini wakati Eladio akiigonga geji kwa ukucha.

"Tupia gogo jingine," Eladio alikuwa anamwambia mchochea moto wake. "Hii geji imekufa. Inasema tumeshapita mstari mwekundu, na vali hata haijakohoa."

"Eladio," Perpetua aliita. "Usitupie kitu."

Eladio akachungulia, akacheka kwa upendo. "Shangazi Perpetua. Umekuja na ndara kwenye sikukuu yako?"

"Vali ya nyuma. Tangu uiwashe injini hii, imefunguka hata mara moja?"

"Ya mbele ndiyo hutangulia, shangazi. Ndivyo zilivyotegwa, unajua mwenyewe."

"Na ya mbele umeibana leo."

"Nimeibana kwa sababu ya sketi za watu. Ya nyuma ipo."

"Ya nyuma uliifungua ukaangalia ndani?"

Eladio aliangalia juu mgongoni mwa injini. "Kofia yake ilifungwa na mkono wa mzee," alisema. "Ya mbele ilikuwa imeoza nikaivunja. Ya nyuma ilikuwa safi. Kazi ya mzee siigusi bila sababu."

Ña Perpetua akafungua gazeti, akakiinua kile kitu juu ya kichwa chake ili akione. Jua likakipiga.

"Unakijua hiki?"

"Cha mshumaa," alisema mpiga tarumbeta kutoka behewani, na watu wakacheka. "Mpeni bibi mshumaa, misa imeshaanza."

Eladio hakucheka. Mtoto wa fundi wa boila hawezi kutokijua. Alikitazama kwanza kama mtu anayemwona jamaa wa zamani sokoni, kisha macho yake yakashuka kwenye nukta. Nukta moja. Aliiona, na Perpetua aliona kwamba ameiona.

"Kingine kiko wapi, shangazi?"

"Baba yako alirudisha hiki peke yake. Kingine alisema kiko juu. Mimi nikampa kipande, nikasaini kwamba vyote vimo. Hicho ulichovaa shingoni kilitakiwa kiwe kwenye kulabu yangu miaka hii yote."

"Baba hawezi kuacha kifungamdomo kwenye vali," alisema Eladio, na sauti ilikuwa imemgeuka. "Uangalie mdomo wako, shangazi. Mzee ni marehemu."

"Na mimi niko hai, na ninakuambia hata mimi nilikosea."

"Mama, tafadhali," Nimia alinong'ona nyuma yake. "Twende nyumbani."

Kutoka ndani ya injini ilikuja sauti ndogo, tik, kama kikombe cha moto kinachowekwa kwenye jiwe baridi. Halafu nyingine. Mchochea moto alibaki na gogo mkononi. Perpetua hakubishana tena. Alinyoosha mkono wake wenye wanga mpaka dirishani mwa injini, kiganja juu, kama alivyonyoosha mara elfu moja kupitia lile tundu la stoo, akasema kwa ile sauti kavu ya zamani, ambayo wazee waliokuwa pale jukwaani walipoisikia wote walikaa wima:

"Duarte. Kipande."

Basi hilo nalo ni jambo ambalo huwezi kulieleza Asunción. Katika karakana yetu, mwenye dirisha akidai kipande, kazi inasimama. Haijalishi wewe ni nani, haijalishi injini inasubiriwa na nani. Unakabidhi, kisha ndiyo unauliza. Eladio alikuwa na miaka kumi na miwili siku karakana ilipofungwa, lakini mambo hayo aliyanyonya. Mkono wake ulikwenda shingoni kabla yeye mwenyewe hajaamua. Akaukata mkufu, akaweka kipande kwenye kile kiganja. Na kipande kilipotoka shingoni, ni kama utii wote kwa baba yake ulitoka nacho, kwani hapo hapo aligeuka akaitazama tena geji, safari hii bila kuigonga, na uso ukampauka.

"Mwalimu," alisema taratibu kabisa. "Shusha watoto. Wote. Mwende nao nyuma ya kanisa, na msikimbie."

Zunilda hakuuliza swali hata moja, na kwa hilo nitamheshimu mpaka nife. Alipiga makofi mawili, akawashusha watoto kwa mistari kama wanakwenda kunawa mikono. Bendi ilishuka ikinung'unika. Nimia alimvuta mama yake, mama akagoma, wakaishia kwenye ukuta wa stoo, chini ya lile dirisha.

Eladio aliifunga kamba ya honi kwenye nguzo, honi ikaanza kulia, mvuke ukitokea hapo, na haikunyamaza. Akafungua pampu ya kuingiza maji baridi kwenye boila. Mchochea moto, kijana wa watu aliyeoa mwezi uliopita, alibaki naye, na wawili hao wakaanza kukokota magogo yanayowaka kutoka tanurini na kuyatupa relini. Honi ililia kwa muda ambao hakuna aliyeamini kwamba injini moja inaweza kuwa na pumzi nyingi kiasi hicho. Watoto nyuma ya kanisa waliziba masikio. Ng'ombe wa mwinyi wa kule bondeni walivunja ua. Honi ilipoanza kushuka, ikawa kama mtu anayelia kwa kwikwi, na mwisho ikakatika.

Eladio alishuka akaketi chini, mgongo kwenye gurudumu. Akaletewa pembe ya terere, ile chai yetu ya baridi, akainywa mpaka ikaisha.

"Sasa?" aliuliza seremala.

"Sasa ipoe. Sipandi juu ikiwa moto."

Kupoa kwa boila hakuharakishwi. Saa nne ilipita, saa tano, saa sita. Hatari ilipokwisha, watu walipata ujasiri wa kukasirika. Mama za wachezaji walisema sketi zimechafuka bure. Mpiga tarumbeta alisema kwamba kwao bibi akianza kuota mchana wanamfungia mlango, hawamkabidhi sikukuu ya mji. Mtu mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba geji ile ilikuwa mbovu tangu mwaka jana, kila mtu anajua, na honi hulia muda mrefu siku zote. Ña Perpetua alikaa kwenye kreti la chupa, kipande cha Crispulo kwenye ngumi ya kushoto na kifungamdomo kwenye mapaja, na kila neno alilisikia.

Alikuwa anaomba. Alikuwa anaomba kitu kiwe kule juu, kisha akaona anachokiomba: kwamba Crispulo awe kweli ameacha mauti mgongoni mwa injini, na yeye awe kweli ameyatilia sahihi. Kama hakipo, Crispulo ni msafi, na yeye ni kikongwe aliyepotewa na akili aliyewanyima watoto safari. Hakujua kipi ni afadhali. Alijaribu kuukumbuka ule uso dirishani, yale machozi, lile neno *kesho*, na kadiri alivyozidi kuukumbuka ndivyo ulivyozidi kumtoroka, mpaka hakuwa na hakika hata ya rangi ya shati.

Nimia alisimama mbali kwa muda mrefu, mikono kifuani. Halafu akaja, akaketi chini kando ya kreti, akaanza kuutoa wanga uliokauka kwenye mikono ya mama yake, kidole kimoja kimoja.

"Kama hakipo," alisema Nimia, "tutakwenda nyumbani kuoka chipa. Basi."

"Na kama kipo?"

"Kama kipo pia."

Saa nane Eladio alipanda. Alikuwa na spana na nyundo. Tulisikia nati ya kwanza ikilia, ya pili, ya tatu ikigoma, nyundo, kisha ikilegea. Akainua kofia ya vali ya nyuma, ile iliyofungwa na mkono wa mzee wake. Akainama akatazama ndani. Alikaa vile ameinama, hasogei, mpaka seremala akamwita jina lake.

Aliposhuka alikuwa na kitu ndani ya kitambaa. Alipita katikati ya watu bila kumtazama mtu, akaenda hadi dirishani, akakiweka kwenye ubao wa dirisha. Kilikuwa kimeota ukungu wa kijani na chokaa nyeupe. Ña Perpetua aliinuka, akakipangusa kwa kidole gumba. Arobaini na moja. Nukta mbili.

Mpiga tarumbeta alivua kofia.

"Alijua?" aliuliza Eladio.

"Alijua. Nami nilijua. Yeye aliomba kesho, mimi nikampa. Lango wakalifunga wengine." Alimshika mkono juu ya ule ubao. "Usimkasirikie peke yake. Nusu ni yangu."

Eladio alitikisa kichwa, akafuta uso kwa mkono uliojaa masizi, ukawa mbaya zaidi.

Zunilda alisogea pembeni mwa kile kibao kilichofunikwa, akauliza kwa sauti ndogo afanye nini nacho. Ña Perpetua alimwambia aking'oe. Akamwambia pia achane ile kadi ya mshumaa, aandike nyingine: *Vifungamdomo vya vali, viwili*. Na neno hilo *viwili* aliandike kubwa.

Kisha akafungua mlango wa stoo, akaingia, akazunguka nyuma ya dirisha lake. Ubao ulikuwa umepakwa chokaa kwa ajili ya sikukuu, vivuli vyote vimefutika, lakini kulabu zilikuwepo. Alizihesabu kwa kidole, safu ya tatu kutoka juu. Akavitundika vyote viwili, kimoja kinang'aa na kingine kijani. Halafu akarudi dirishani, akakisukuma kipande kwenye ubao, kwa utaratibu ule ule, namba ikiangalia juu.

"Duarte," alisema. "Vimerudi. Chukua chako."

Eladio alikichukua. Ña Perpetua alitazama kulabu zake mara moja, safu zote, akaona hakuna kipande kilichobaki. Ndipo akanyoosha mkono juu, akateremsha kifuniko, akalifunga dirisha.